Mgeni na Magari ya Mjini

Kuna msemo mmoja ambao wakazi wa Dar es Salaam huutoa kila mgeni anapopotea, nao ni huu: mjini shule. Husemwa kwa kicheko, na aghalabu msemaji huona kuwa amekwisha maliza maneno. Mgeni aliyepanda gari lisilo lake, mjini shule. Mgeni aliyelipa nauli mara tatu kwa safari moja, mjini shule. Mgeni aliyepitishwa kituo chake akashushwa gizani katika mtaa asioujua, mjini shule. Katika insha hii nataka kuushitaki msemo huo. Nasema kuwa ni ubaya uliovaa joho la hekima, na kuwa sisi tulio walimu na wanafunzi wa Kiswahili tumeuacha upite mbele yetu miaka mingi bila ya kuuliza umetoka wapi na unakwenda wapi.

Shule niijuayo mimi ina mambo matatu. Ina mwalimu, ina kitabu, na ina ruhusa ya kukosea. Shule hii ya mjini haina mwalimu, maana kila ajuaye ana haraka. Haina kitabu, maana yafaayo kujulikana hayakuandikwa mahali. Wala haina ruhusa ya kukosea, maana kila kosa hulipwa papo hapo kwa fedha, na mlipaji ni yule aliyekuja na fedha kidogo kuliko wote. Mahali pa namna hiyo lugha yetu ina jina lake, na jina hilo si shule. Huitwa mtego.

Kwanza tuulize, mgeni ni nani? Mtu akitaja mgeni wa Dar es Salaam, mawazo ya wengi hukimbilia uwanja wa ndege, kwa mtu wa Ulaya mwenye kofia pana na mkoba mgongoni. Mtu huyo simchukii, lakini simwonei huruma sana. Akipotea ana fedha ya teksi, na akidhulumiwa ana ubalozi. Wageni walio wengi wa jiji hili hawakuvuka bahari. Wametoka Kondoa na Tunduru, Kibondo na Nachingwea. Wamekuja kutibiwa, kusikiliza rufani, kufuata malipo ya uzeeni, kumleta mtoto chuoni, kumzika ndugu. Mali yao ni mfuko mmoja wa nguo, karatasi moja iliyokunjwa mara nne, na namba ya simu ya jamaa ambaye saa hiyo yuko kazini. Hao ndio nisemao habari zao. Wanasema lugha yetu, wanalipa kodi yetu, na jiji ni lao kama lilivyo letu. Lakini wakilifikia hulikuta limefunga mdomo.

Mwenye kushitaki hana budi kuleta shahidi, nami shahidi wangu natoa nyumbani. Miaka michache iliyopita mama yangu mdogo alitoka Kondoa kuja kutibiwa jicho katika hospitali moja ya mjini. Basi lilimfikisha katika kituo kikuu cha Mbezi, kile kilichofunguliwa mwaka 2021 baada ya mabasi ya mikoani kuhamishwa kutoka Ubungo. Kituo hicho ni kikubwa na kizuri. Lakini kiko zaidi ya kilomita 20 kutoka kitovu cha mji, na mgeni anapotoka mlangoni ndipo safari yake ya pili inapoanza. Alinipigia simu. Nami nilikuwa katika kikao cha mitihani, nikamjibu kwa sauti ya chini maneno ambayo mpaka leo yananichoma: “Mama, panda gari la mjini, uliza tu.”

Aliuliza. Wapiga debe wawili walimpokea, mmoja akashika mkono na mwingine mfuko, kila mmoja akiapa kuwa gari lake ndilo lipitalo hospitali. Akapanda moja. Akamwomba kondakta amwambie watakapofika, na kondakta akasema, “Usijali, mama.” Gari likajaa, watu wakasimama mpaka mlangoni, naye akiwa ameketi dirishani na jicho moja limefunikwa kitambaa, alihesabu vituo ambavyo hakujua majina yake. Gari lilipokoma alikuwa Tandika. Alipomkumbusha kondakta ahadi yake, kijana yule alicheka, tena bila ya chuki, akamwambia, “Bi mkubwa, mjini shule.”

Sasa nawaomba wasomaji wapime neno hilo lilimwangukia nani. Mama huyo alikuwa mwalimu. Kwa miaka 31 aliwafundisha watoto wa darasa la kwanza kusoma na kuandika. Kuna madaktari na mahakimu waliojifunza herufi ya kwanza kwa chaki yake. Hakukosa uwezo wa kusoma. Jiji ndilo lililokosa kumpa kitu cha kusoma. Alikodi bajaji kwa fedha aliyoitenga kwa dawa, akafika hospitali mlango wa kliniki umekwisha fungwa. Siku nyingine aliyopangiwa ilikuwa baada ya wiki tano. Jicho lile leo halioni. Siwezi kuapa kuwa lingepona lau angefika mapema, maana hakuna awezaye kuapa hivyo. Lakini najua kuwa wiki tano zile alinyang'anywa na kibao ambacho hakikuwekwa. Siku moja nilimwuliza kama alimkasirikia kondakta. Akajibu, “Yule ni mtoto na ana kazi yake. Wewe, mwanangu, ndiwe uliyeniambia niulize.”

Jibu hilo ndilo lililonipa kalamu. Kondakta hakuwa adui. Haki itendeke kwake na kwa gari lake. Daladala ni chombo kilichozaliwa na dhiki. Kampuni ya mabasi ya DMT ilitaifishwa mwaka 1970, na mwaka 1974 likazaliwa shirika la UDA. Jiji likakua upesi kuliko mabasi yake, na watu wakaanza kujipandisha kwa siri katika magari madogo yenye mabao ya kukalia, yaliyoitwa chai maharage. Mwaka 1983 Serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba abiria, kwa nauli ya shilingi tano, na kwa kuwa sarafu ya shilingi tano iliitwa dala, gari nalo likapata jina. Tangu hapo magari hayo yamelibeba jiji ambalo katika sensa ya mwaka 2022 lilikuwa na watu 5,383,728. Bila ya daladala hakuna soko, hakuna shule, hakuna ofisi. Mtu anayeyatukana magari haya aghalabu ni mtu anayetazama kupitia kioo cha gari lake.

Tena kondakta ana deni kila asubuhi. Mwenye gari hutaka kiasi fulani kila jioni, nacho huitwa hesabu. Kinachobaki baada ya hesabu na mafuta ndicho ujira wa dereva na kondakta. Dakika moja ya kumfahamisha mgeni ni dakika iliyokatwa katika mkate wa watoto wake. Kwa hiyo kumkabidhi kondakta kazi ya kuwa ramani ya jiji ni kumtwisha mtu mmoja mzigo wa watu wote, kisha kumlaumu anapoutua njiani. Lawama si yake. Lawama ni ya wale wenye nafasi ya kuandika wasioandika, na wenye nafasi ya kudai wasiodai. Katika kundi la pili tumo sisi.

Mimi ni mwalimu wa lugha, na kwa hiyo nitaangalia lugha. Gari linapokaribia kituo, kondakta huita, “Sayansi wapo?” Abiria hujibu, “Wapo!” na gari husimama. Kukiwa kimya, hupita. Tafakarini sentensi hiyo. Kondakta hatangazi habari, anauliza swali. Nalo swali lake huelekezwa kwa wale wajuao walipo, kwa maana asiyejua hawezi kujibu. Mwenyeji hulisikia kama mlango unaofunguliwa, na mgeni hulisikia kama kelele. Na jina lenyewe likisemwa, je, litamfaa nini? Ataambiwa ashuke Morocco, naye hakupata habari kuwa amevuka mpaka wa nchi. Ataambiwa ashuke Argentina, kumbe yuko Manzese. Ataambiwa ashuke Posta, kumbe kuna Posta Mpya na Posta ya Zamani. Ataambiwa ashuke Kwa Remmy, naye mwanamuziki Remmy Ongala, ambaye kituo hicho cha Sinza kina jina lake, alifariki mwaka 2010.

Nisifahamike vibaya. Majina hayo nayapenda. Ni diwani ya mji iliyotungwa na watu wasiojua kuwa wanatunga, na yeyote atakayetaka kuyafuta na kuweka namba mahali pake atanikuta nimesimama njiani. Mnazi Mmoja, Mwembechai, Afrika Sana: ni mwanachuoni gani angeweza kubuni vizuri zaidi? Lakini diwani isiyoandikwa haiwezi kusomwa na mtu atokaye mbali. Kwa kuwa majina haya ni mazuri, yanastahili kuandikwa kwa herufi kubwa juu ya nguzo, kituo kwa kituo, na chini yake yaandikwe magari yapitayo hapo na njia yanayofuata. Daladala lina jina la mwanzo wa safari na jina la mwisho, tena lina mstari wa rangi ubavuni. Lakini katika vituo vingi mgeni hakuti kibao cha kumwambia rangi ipi ni ya wapi, wala kati ya mwanzo na mwisho gari hupita mitaa gani. Ni kama kitabu chenye ukurasa wa kwanza na ukurasa wa mwisho, na katikati kimechanwa.

Nitaeleza sasa jinsi nilivyokuwa mgeni mimi mwenyewe, maana hakuna ajuaye ugeni ila aliyeuonja. Nilikwenda London kusoma miswada ya Kiswahili iliyohifadhiwa katika chuo cha SOAS. Nilitua Heathrow jioni ya baridi, sijui mtu wala mtaa. Katika ukuta nilikuta ramani ya reli za chini ya ardhi, kila njia na rangi yake. Nikafuata rangi ya buluu nzito, njia ya Piccadilly, ambayo imefika Heathrow tangu mwaka 1977. Nikahesabu vituo kwa kidole. Katika kila kituo jina liliandikwa ukutani mara nyingi, hata mtu aliyekaa upande wowote wa behewa alisoma. Nikashuka Russell Square, nikatembea kwa miguu mpaka nilipofikia. Tangu ndege mpaka kitanda sikumwuliza mtu hata mmoja.

Reli hizo ni za kale. Ya kwanza, kutoka Paddington mpaka Farringdon, ilifunguliwa tarehe 10 Januari 1863. Lakini ramani niliyoisoma ni ndogo kwa umri. Mtindo wake ulitungwa na Harry Beck, mchoraji wa michoro ya umeme, na ilianza kutolewa kwa watu mwaka 1933. Werevu wake ulikuwa huu: alitambua kuwa mtu aliye chini ya ardhi hana haja ya kujua mto unapinda wapi wala maili ni ngapi, ana haja ya kujua apande wapi, abadili wapi, na ashuke wapi. Basi akainyosha mistari, akavilinganisha vituo, akaacha mengine yote. Alijiuliza asiyejua anahitaji nini, na swali hilo ndilo ambalo jiji letu halijajiuliza.

Siku ya pili nilisimama upande wa kushoto wa ngazi za umeme, na mtu mmoja akanipita kwa nguvu akinung'unika. Nilipotazama nikaona imeandikwa kuwa anayesimama asimame kulia. Nikaona haya, lakini sikuona uonevu. Mji ulikuwa umekwisha sema. Mimi ndiye ambaye sikusoma. Mtu aliyeonywa akakosea hujilaumu, na mtu asiyeonywa akaadhibiwa amedhulumiwa. Kati ya hali hizi mbili kuna tofauti yote ninayoipigania.

Wala siisifu London kupita kiasi. Ramani ya Beck hudanganya umbali, na wageni wengi hupanda treni kati ya Leicester Square na Covent Garden, mahali ambapo miguu ingewafikisha kwa dakika chache. Mabasi ya mji huo tangu Julai 2014 hayapokei fedha taslimu, na mgeni asiye na kadi huachwa kituoni na sarafu zake mkononi. Tena katika safari ile yote hakuna aliyenisalimu. Nilifika salama kama barua inavyofika. Mama yangu mdogo alipotea, lakini pale Tandika mwanamke mmoja muuza ndizi alimpa kigoda na maji, akamtafutia bajaji, akamsimamia bei. Najua thamani ya mambo hayo, wala sitaki kuyauza ili ninunue kibao. Nataka yote mawili, maana hakuna sheria ya dunia iliyosema kuwa penye maandishi pasiwe na salamu.

Yaje sasa majibu ya wapinzani wangu, nami nimeyasikia yote katika vyumba vya walimu.

Wa kwanza husema kuwa kuuliza si ujinga, na kuwa utamaduni wetu ni wa mdomo. Methali ni ya kweli, lakini imenyofolewa kutoka mahali pake. Kuuliza si ujinga. Ila kulazimishwa kuuliza, katika kundi la watu ambao nusu yao wana faida katika jibu la uongo, si utamaduni. Ni udhaifu uliopewa jina zuri. Na kiziwi je? Naye ni mgeni, naye huumwa jicho, naye ana kesi mahakamani. Utamaduni wa mdomo unamwambia nini? Kibao kingesema naye bila ya kumwona aibu.

Wa pili husema kuwa wageni wengi hawajui kusoma, basi maandishi hayatawafaa. Nijibu kuwa katika kila kundi la watu kumi waliosimama kituoni hakosekani asomaye, na mmoja akisoma kwa sauti kumi wameelewa. Vilevile rangi haitaki shule. Tena hoja hii ni ya hatari: tukikubali kuwa penye wasiosoma pasiandikwe, tutafunga vitabu vyote nchini na kungoja siku ambayo wote watajua kusoma kwa kutosoma kitu.

Wa tatu husema kuwa sisi ni maskini. Jiji lililojenga barabara ya mabasi yaendayo haraka yenye urefu wa kilomita 21 hivi, kuanzia Kimara mpaka Kivukoni pamoja na matawi yake, haliwezi kusema kuwa limeshindwa na debe la rangi. Mabasi hayo yalipoanza kubeba abiria Mei 2016, kilichonifurahisha kwanza hakikuwa basi. Kilikuwa jina la kila kituo lililoandikwa juu ya kituo chake. Kwa hiyo tunaweza. Na angalieni treni ya umeme. Ilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro tarehe 14 Juni 2024, na ilipofika tarehe 25 Julai mwaka huohuo ikafika Dodoma, kwa mwendo ufikao kilomita 160 kwa saa. Mgeni wa Dodoma anasafiri zaidi ya kilomita 400 akijua namba ya behewa lake, namba ya kiti chake, na saa ya kufika. Akitoka stesheni kwenda Tandika au Mbagala, elimu hiyo yote humwishia mlangoni. Safari ndefu imewekewa taa, na ile fupi imeachwa gizani. Na watu hupotea katika ile fupi.

Wa nne, naye ndiye wa kisasa, husema kuwa kila kitu kimo katika simu. Simu ya mama yangu mdogo ni ya vidude vya kubonyeza. Na hata iliyo kubwa, mara nyingi hujua barabara kuliko ijuavyo magari. Itakuonyesha njia ya kwenda kwa gari ulilo nalo, na wewe huna gari. Zaidi ya hayo, mtu aliyetoka kijijini ameonywa kwa jina la Mungu asitoe simu yake katikati ya watu. Tunamwonya asiitoe, kisha tunamwambia majibu yamo humo.

Sikatai kuwa mgeni naye ana wajibu. Aulize abiria anayengoja gari kama yeye, asimwulize mpiga debe. Mmoja hana faida katika jibu na mwingine anayo. Aulize watu wawili, si mmoja. Ajue jina la kituo chake na jina la kile kinachotangulia, ili apate muda wa kujiandaa kabla ya swali la kondakta. Akae karibu na mlango. Awe na fedha ndogondogo. Aepuke, akiweza, saa za asubuhi na jioni ambapo hata mwenyeji hupandia dirishani. Haya yote yanafaa. Lakini tazameni: nimeyasema katika jarida la chuo kikuu, mahali ambapo mgeni mwenyewe hatayasoma kamwe. Hivyo ndivyo elimu yetu ilivyo. Hukaa mbali na mwenye haja nayo, kisha humcheka kwa kuikosa.

Na hapa nafika kwa wenzangu. Tunapowaalika wataalamu kutoka nchi za nje kuja kuzungumza juu ya fasihi ya watu wetu, tunawapokea kwa gari dogo la kukodi, tunawapeleka hotelini, tunawarudisha ukumbini, na siku ya nne tunawapandisha ndege. Tunaambiana, “Usimpandishe mgeni daladala, tutaaibika.” Tutaaibika kwa lipi? Kama daladala ni aibu, mbona tumewaachia mama zetu? Kama si aibu, mbona tunalificha? Najua pia kundi la pili, linalofanya kinyume. Hao humpandisha mgeni daladala mara moja, kwa starehe, wakapigwa picha, wakaandika juu ya uchangamfu wa lugha ya makondakta, kisha wakarudi kwa teksi. Makala juu ya maneno konda, suka na mpiga debe nimezisoma, na nakiri kuwa moja niliiandika mimi. Tumevuna msamiati wa magari hayo miaka mingi, wala hatukurudisha kwa wasafiri hata ubao mmoja wenye majina yaliyoandikwa sawasawa.

Je, wasomi wanaweza kufanya nini? Jibu liko Nairobi. Magari ya matatu nayo hayakuwa na ramani. Njia zake zilikaa katika vichwa vya madereva. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, wakishirikiana na wenzao wa vyuo vya Marekani, walipanda matatu wakiwa na simu za mkononi, wakaandika kila kituo na kila kona, njia zaidi ya 100, na mwaka 2014 ramani ikatolewa kwa umma, imechorwa kwa rangi na mistari kama ile ya Beck. Hawakungoja kujengewa reli. Hawakungoja magari yawe mapya. Waliandika kilichokuwapo. Na hapa Dar es Salaam, tangu mwaka 2015, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wa Chuo Kikuu Ardhi walizunguka mitaa kwa miguu katika kazi iliyoitwa Ramani Huria, wakachora mitaro na nyumba ili mafuriko yajulikane kabla hayajaua. Basi wenye miguu wapo, na wenye akili wapo. Waliochora njia ya maji wanaweza kuchora njia ya watu.

Kwa hiyo natoa ombi, nalo si kubwa. Kila mwaka wanafunzi wetu wa Kiswahili huandika tasnifu, na nyingi husomwa na watu watatu: mwandishi, msimamizi na mtahini. Darasa moja la mwaka mmoja ligawane vituo vya jiji. Kila mwanafunzi achukue njia moja, aipande mwanzo mpaka mwisho, aandike majina ya vituo kwa mpangilio, aulize kila jina lilitoka wapi, alisahihishe tahajia, na aeleze kwa sentensi tano, kwa Kiswahili kilicho wazi, jinsi ya kutoka Mbezi, stesheni na bandarini kufika hospitali, mahakamani na chuoni. Hiyo ni isimu, ni historia na ni fasihi. Karatasi hizo zikusanywe, zipelekwe kwa wenye mamlaka ya jiji, na wakikataa kuzibandika tuzibandike wenyewe penye ruhusa: kanisani na msikitini, shuleni na dukani. Nitaanza na njia ya kutoka Mbezi, na nitaiandika kwa herufi kubwa kiasi cha kusomwa na mtu mwenye jicho moja.

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Walijua kuwa mgeni huja na dawa: huuona uchafu ambao macho yetu yameuzoea. Mgeni anapopotea katika jiji letu hatuonyeshi ushamba wake. Anatuonyesha mahali ambapo hatujaandika. Basi msemo ule wa mjini shule ama tuuache, ama tuutimize. Kama mji ni shule, na uwe na kitabu, na walimu wake tuamke twende kazini. Mama yangu mdogo alikuwa darasani saa moja asubuhi kwa miaka 31. Sisi tunaojiita wasomi tumechelewa, na kengele imekwisha lia.